Hesabu Iliyozama na Meli

Katika mazungumzo yetu ya juma hili nataka tulitazame jambo ambalo wengi wetu tunalidharau kwa kuliona ni kazi ya makarani tu, nalo ni kuhesabu watu wanaosafiri. Nasema tunalidharau kwa sababu hatulikumbuka ila siku ya msiba. Siku hiyo kila mtu, kuanzia mkuu wa mkoa hadi mama aliyeketi ufukweni na kanga kichwani, huuliza swali moja: walikuwamo wangapi?

Kwa sisi tunaoishi Mwanza, swali hilo lina tarehe yake. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba, mali ya Shirika la Reli Tanzania, TRC, ilipinduka na kuzama ikiwa safarini kutoka Bukoba kuja Mwanza kupitia Kemondo. Rais Benjamin Mkapa, ambaye hata mwaka mmoja madarakani alikuwa hajaumaliza, alitangaza siku tatu za maombolezo ya taifa. Mimi wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, na nakumbuka jinsi watu walivyoizunguka redio wakisubiri taarifa ya habari. Walisubiri majina, na majina hayakuja. Zilikuja tarakimu, na tarakimu zenyewe zilibadilika kila taarifa.

Sababu ya jambo hilo haikuwa uzembe wa watangazaji. Meli ile ilikuwa imepewa uwezo wa kuchukua abiria 430 na shehena ya tani 850. Orodha ya abiria iliyopatikana ilionyesha watu 443 katika daraja la kwanza na la pili. Kwa hiyo hata kabla hujamhesabu mtu wa daraja la tatu, idadi ilikuwa imekwisha pita kikomo. Abiria wa daraja la tatu, ambao ndio walikuwa wengi kwa kuwa nauli yake ilikuwa ndogo, hawakuwa na orodha ya majina kabisa.

Hapo naomba tutue kidogo, kwa maana ndipo penye kiini cha mazungumzo haya. Kwa nini daraja la kwanza na la pili waandikwe, na la tatu wasiandikwe? Jibu lenyewe halina fumbo. Abiria wa daraja la juu alikuwa na kitanda chake, na kitanda kina namba. Ili watu wawili wasigombee kitanda kimoja usiku wa manane katikati ya ziwa, ilibidi jina liandikwe. Abiria wa daraja la tatu hakuwa na kitanda. Alikuwa na tiketi tu, na tiketi ile ilikuwa ya kuhesabia fedha. Ukichukua vipande vya tiketi jioni ukavijumlisha, unapata mapato ya safari, nawe huwezi kujua ni nani aliyepanda. Mtoto aliyebebwa mgongoni hakukatiwa tiketi. Aliyempa mtu chochote mkononi langoni naye hakukatiwa. Hao wawili hawakuwamo katika hesabu ya fedha wala ya watu. Orodha ile, kwa maneno mengine, ilitengenezwa ili kulinda vitanda.

Utaratibu huu wa madaraja haukuzaliwa na TRC. Ni urithi wa zamani, tangu reli ya Uganda ilipofika ziwani mwishoni mwa mwaka 1901, mahali tunapopaita Kisumu leo, na meli za shirika hilo kama Winifred na Sybil zikaanza kuzunguka bandari za ziwa hili. Baadaye likaja Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki na meli zake, ikiwamo MV Victoria iliyoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilibaki na kilichoiangukia, nasi huku tukawa na TRC. MV Bukoba yenyewe ilijengwa mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970 na Wabelgiji, nchi ikiwa yetu na shirika letu wenyewe. Tulipata bendera mpya na meli mpya. Daftari la abiria likabaki lile la mkoloni, ambaye mtu wa daraja la tatu kwake hakuwa na haja ya kuwa na jina.

Hadi leo, ukiuliza ni watu wangapi waliokufa katika MV Bukoba, yuko atakayekujibu zaidi ya 800, na yuko atakayekuambia karibu 1,000. Tunazisoma tarakimu hizo mbili kana kwamba ni kitu kimoja. Tofauti kati yake ni watu 200, yaani mabasi matatu ya kwenda Shinyanga yaliyojaa hadi mlangoni. Wengi wa waliopatikana walizikwa Igoma, nje kidogo ya mji, na makaburi yao yapo kwa yeyote anayetaka kuyaona.

Msikilizaji anaweza kuniambia: bwana mtangazaji, hata kama tungejua idadi kamili, waliokufa wasingefufuka. Ni kweli. Lakini hoja hiyo inaichukulia hesabu kama kazi ya mazishi, na mimi nadai kwamba hesabu ni kazi ya gatini, kabla kamba haijafunguliwa.

Tuanze na meli yenyewe. Chombo cha majini husimama wima kwa sababu uzito wake mwingi uko chini. Ukiongeza uzito juu, chombo hulegea, na wimbi ambalo jana lilikipita tu, leo linakilaza. Sasa abiria wa daraja la tatu hukaa wapi meli inapojaa? Hukaa palipo wazi, na mara nyingi palipo wazi ni juu, pamoja na mikungu ya ndizi ya kupeleka soko la Mwanza. Tena mtu si gunia. Gunia ukiliweka linatulia, lakini watu wakiona jambo upande mmoja, wote huelekea upande huo. Nahodha asiyejua ana watu wangapi hawezi kujua meli yake imelegea kiasi gani. Hapo akisema chombo kiko salama, anasema kwa imani.

Kisha iko kazi ya uokoaji. Tunakumbuka habari za wale waliokuwa ndani ya MV Bukoba ikiwa imepinduka, wakigonga chuma kutoka ndani, na jinsi tundu lilivyotobolewa ili watolewe, hewa iliyokuwa ikiielea meli ikatoka, na meli ikazama. Watu wamebishana sana kuhusu tundu lile. Mimi sitaki kuwahukumu waliokuwa pale na zana chache mikononi. Ninalosema ni kwamba waliamua bila kujua ndani kulikuwa na watu wangapi, na hakukuwa na mtu nchi kavu wa kuwaambia.

La tatu ni la waliobaki. Mama mjane wa Muleba aliyempeleka mumewe Kemondo jioni, akamwona akipanda, anathibitishaje kwamba mumewe alikuwamo? Wa daraja la kwanza ana karatasi. Yeye anatafuta mashahidi, na mashahidi wake wengi wamo majini. Bila jina, mirathi inakwama, na watu wa ukoo wanaanza kunong'ona kwamba huenda bwana yule alikimbilia mjini.

Serikali iliunda tume ya uchunguzi, na baadhi ya watumishi wa TRC walifikishwa mahakamani. Miaka iliyofuata huduma za meli ziliondolewa TRC zikapewa kampuni yake. Ilitungwa Sheria ya Meli ya mwaka 2003. Tukapata SUMATRA ya kusimamia usafiri wa nchi kavu na majini, kisha kazi ya majini ikahamia TASAC. Kwa upande wa vitabu vya sheria hatuna la kulalamika.

Sasa tuvuke miaka 22. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya Alhamisi, kivuko cha MV Nyerere kiliondoka Bugolora, kisiwani Ukerewe, kwenda Ukara. Ilikuwa siku ya gulio Bugolora, na wananchi walikuwa wakirejea nyumbani na mahitaji yao. Kivuko kilipinduka kikiwa kimebakiza hatua chache kufika gati ya Bwisya, mahali ambapo waliosimama ufukweni waliweza kuona sura za watu. Uwezo wake ulikuwa abiria 101, tani 25 za mizigo na magari matatu.

Usiku ule wa kwanza tuliokuwa studio tulipokea idadi ya watu 44 waliokufa. Kesho yake ilipita 100. Ikaendelea kupanda siku baada ya siku hadi ikasimama kwenye 228. Waliookolewa ni 41. Rais John Magufuli alitangaza siku nne za maombolezo, na siku ya mazishi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuwapo Ukara. Chukua kalamu, msikilizaji: 228 na 41 ni 269. Hao ndio tunaowajua, katika chombo cha watu 101. Waliozidi ni 168. Ukimkadiria mtu mmoja kilo 75, kama mabaharia wanavyokadiria, hao 168 ni kilo 12,600, yaani zaidi ya tani kumi na mbili na nusu, nusu nzima ya mzigo wote ulioruhusiwa, na uzito huo ulikuwa umesimama kwa miguu.

Lakini tarakimu inayonisumbua zaidi ni ile iliyokosekana. Katika saa za mwanzo viongozi walipoulizwa kivuko kilikuwa na watu wangapi, jibu lilikuwa kwamba haijulikani, kwa kuwa mtumishi aliyekuwa akikata tiketi alikuwa amezama, na mashine ya kukatia tiketi haikuonekana. Mwaka 1996 daraja la tatu halikuwa na orodha. Mwaka 2018 hesabu ilikuwapo, pengine hata ya kisasa, yenye mashine. Ila ilipakiwa ndani ya chombo kile kile ilichokuwa ikikihesabu, ikazama nacho.

Hapo ndipo ninapoona kwamba tulijifunza nusu ya somo. Tulielewa kuwa abiria aandikwe, tukanunua vifaa. Hatukuuliza karatasi ikae wapi. Na swali la mahali pa kukaa karatasi halihitaji fedha za wafadhili. Karani anamaliza kuhesabu, anaandika saa na idadi, nakala moja inabaki kwa mtu wa gatini, ndipo kamba inafunguliwa.

Wenzetu wamelipitia jambo hili kwa machozi yao pia. Tarehe 6 Machi 1987 kivuko cha Waingereza, Herald of Free Enterprise, kilipinduka kikitoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, wakafa watu 193. Uingereza pamoja na utajiri wake ilihangaika kupata idadi ya waliokuwamo, na uchunguzi uliofuata ukakuta kwamba kuhesabu abiria lilikuwa jambo la kukisia. Mwaka 1998 Umoja wa Ulaya ukatoa agizo kwamba kila abiria ahesabiwe kabla chombo hakijaondoka, na safari ikizidi maili 20, majina yaandikwe, na taarifa hizo ziwe mikononi mwa mtu aliye nchi kavu. Agizo hilo lilitoka miaka miwili baada ya MV Bukoba.

Na kwa jirani zetu wa Visiwani, tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba. Iliruhusiwa abiria 645. Maiti zilizopatikana ni 203, na kwa miezi kadhaa hiyo ndiyo tarakimu iliyosomwa. Mwaka 2012 ripoti ya tume ikasema waliokuwamo walikuwa 2,470, na zaidi ya 1,300 hawakuonekana tena. Zingatia jambo hilo: idadi ya kwanza ilihesabu maiti, ya pili ikahesabu watu. Kiongozi anayepanga njia ile iwekewe meli ya ukubwa gani, akitumia tarakimu ya kwanza atapanga jambo moja, na akitumia ya pili atapanga jingine kabisa.

Hilo ndilo ninalotaka kulisisitiza kwa watu wa mipango, maana hesabu ya abiria haikusudiwi siku moja tu. Chukua njia hiyo hiyo ya Bugolora na Ukara. Kila mtu anayefanya biashara pale anajua kwamba siku ya gulio watu ni wengi kuliko siku nyingine. Mama muuza dagaa anajua. Kama karani angeandika kwa uaminifu idadi ya kila safari kwa mwaka mmoja, daftari lake lingesema lenyewe kwamba Alhamisi chombo cha watu 101 hakitoshi, ama kiongezwe kingine, ama safari ziwe nyingi. Lakini karani anayejua kikomo ni 101 akiandika 269 amejishitaki mwenyewe. Kwa hiyo ataandika nini? Ataandika inayoruhusiwa. Na ofisini makao makuu, mtu mwenye kikombe cha chai atasoma kwamba njia ya Ukara iko shwari, kivuko kinajaa bila kuzidi, hakuna haja ya kingine. Takwimu ya uongo ina ubaya huo: haiishii kuficha kosa la jana, huenda ikapanga na la kesho.

Wala tusidhani ni la majini peke yake. Barabarani nako, katika ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018, Tanzania ilitoa idadi ya watu 3,256 waliokufa kwa ajali za barabarani mwaka 2016. Shirika hilo kwa makadirio yake likaweka 16,252. Moja ni chini ya robo ya nyingine. Sisemi polisi wetu walidanganya. Askari huandika anayekufa alipomkuta, lakini kijana wa bodaboda aliyepelekwa Bugando akiwa hai na kufariki siku ya tisa, nani anarudi kituoni kusahihisha kitabu? Na kama vifo vyake na vya wenzake havimo kitabuni, mhandisi atajuaje kwamba kona fulani ya barabara ya Airport ndiyo inayohitaji tuta?

Kwa ziwa letu ipo tarakimu moja inayopendwa sana na waandishi, kwamba watu 5,000 hufa maji kila mwaka katika Ziwa Viktoria. Hayo ni makadirio, si hesabu. Hakuna daftari lenye majina 5,000. Mvuvi wa Ghana au Kome anayepigwa na dhoruba usiku akiwa na wenzake wawili, wanazikwa na ndugu zao kama wakionekana, na taarifa inaweza isivuke kisiwa. Watafiti waliokwenda kwenye mialo ya upande wetu wa ziwa walilazimika kuwauliza wanakijiji nyumba kwa nyumba, kwa kuwa ukingoja vitabu vya polisi na hospitali, wengi hawamo.

Sitaki ionekane hakuna lililofanyika. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa tatu, na foleni ya vivuko pale ikawa historia. MV Victoria imefufuliwa. Imejengwa pia, hapa hapa Bandari ya Mwanza Kusini, meli kubwa ya MV Mwanza, yenye uwezo wa abiria 1,200, tani 400 za mizigo na magari 20. Ni meli ya kujivunia, na mimi ni mmoja wa wanaojivunia.

Ila Ukara haina daraja, wala Ukerewe, wala Maisome. Na mitumbwi ya injini inayobeba watu na mizigo kutoka mwalo hadi mwalo haina karani. Kwa hiyo ombi langu kwa wakubwa wanaohusika, wa vivuko na wa meli, ni dogo, na ningependa walijibu kwa maneno ya kawaida gazetini au hapa redioni. Kivuko kinapoondoka Bugolora leo, saa fulani, ni nani aliyebaki gatini na karatasi yenye idadi ya waliomo, na mtu huyo ana mamlaka ya kukizuia kisiondoke?